Umeshalipwa, Bibie

Nchi ya Tayari ipo. Msiniulize iko upande gani wa ramani, maana wengi wenu mmeshapita huko bila kujua. Mwanakombo Shemdoe aliifikia akiwa hoi, na wala haukuwa uchovu wa safari. Ulikuwa uchovu wa mtu aliyeacha nyumbani watu wanaomngoja, ambaye simu ikilia tu moyo unampasuka.

Alikuwa na karakana ya madawati kule Korogwe. Si karakana ya kujivunia sana: bati juu, vumbi chini, mashine moja ya randa na mafundi wachache waliozoeana mpaka wanatukanana kwa mapenzi. Nchi ya Tayari ilimwagiza madawati ya shule zake zote, oda ambayo hajapata kuiona tangu azaliwe. Kwa ajili ya oda hiyo akawaacha wateja wake wa siku zote, wale wa kitanda kimoja, kabati moja, mlango mmoja, wanaolalamikia bei lakini wanatoa hela mfukoni hapo hapo. Akachukua mbao kwa mkopo, akatengeneza, akapeleka mzigo. Haukupita muda ukaja ujumbe kutoka Hazina ya Tayari, neno moja tu: Tumekulipa.

Sasa wewe ungefanya nini? Mtu kakwambia tumekulipa, hakusema tutakulipa. Mwanakombo alipiga vigelegele pale pale kwenye maranda. "Jamani, hela imeingia!" aliwaambia mafundi. Benki hakwenda kuangalia. Alikwenda kwa Mzee Semboja, mkopeshaji wa mtaani, akachukua hela ya mbao nyingine na kumwekea rehani ile mashine ya randa. Naye fundi Kilua, mkubwa wa mafundi wake, aliposikia hela imeingia alirudi kwake jioni ile, akapanda juu ya nyumba na kung'oa makuti yote, kwa kuwa mabati alikuwa ameshayachagua dukani.

Benki hapakuwa na kitu. Wiki zikaenda, bado hapana kitu. Masika yakaanza, mke wa Kilua na watoto wakalala chini ya turubai la kuazima, na Kilua kila asubuhi akaja kazini akasema, "Umeamkaje, mama," kisha akashika msumeno wake bila kuuliza lolote. Hicho ndicho kilichommaliza Mwanakombo. Angetukanwa angepata nafuu. Basi akafunga kibwebwe akaenda kudai mwenyewe, na moyoni alijua kabisa anachokwenda kukitafuta: mshahara wa watu, mashine yake, na mabati ya Kilua.

Mpakani alipokewa na afisa mmoja mnene, sare imepigwa pasi hata inang'aa.

"Karibu Tayari, bibie. Umekuja kwa shughuli gani?"

"Nimekuja kuchukua hela zangu. Niliwauzia madawati."

Afisa akauliza jina, akaulizia huko ndani kwa simu, akarudi uso umechanua. "Umeshalipwa, bibie. Hongera sana!"

"Sijalipwa, baba."

"Umelipwa. Hazina wenyewe wamethibitisha."

"Haya, kama nimelipwa, nitazichukulia wapi?"

Ee, Mungu wangu! Yule bwana alirudi nyuma kama aliyemwagiwa maji ya moto. Akaziba masikio. Watu waliokuwa kwenye foleni wakageuza nyuso, na mama mmoja akamfunika mtoto wake kwa upande wa kanga. Mwanakombo akajitazama nguo, akidhani labda kuna kitu kimefunguka.

"Bibie," afisa alisema kwa sauti ya chini, "sisi si watu wa kuambiwa maneno hayo."

"Maneno gani jamani? Nimeuliza tu nitazichu..."

"Ndiyo hiyo! Hiyo hiyo! Umeirudia!"

Ndipo akaelezwa. Katika nchi ya Tayari ile "ta" ya kesho ilipigwa marufuku. Nitalipa, nitakuja, utapata, yote ni kosa, na faini yake inalipwa papo hapo. Kitendo cha mtu mzima kimetendeka, basi. Sheria inaitwa Sheria ya Ukamilifu, na inashikwa kweli kweli. Kuna wakati mtu alitozwa faini kwa kusema "kitanda", na Baraza likakaa kikao kizima kuamua kwamba kitanda hakina hatia.

Mwanakombo akatozwa faini ya "ta" mbili. Alipokuwa anafunga pochi, afisa akakohoa.

"Na ushuru, bibie."

"Ushuru wa nini tena?"

"Wa mapato. Umelipwa hela nyingi na nchi hii. Fungu la serikali liko wapi?"

"Baba, hizo hela sijaziona!"

"Kuziona ni jambo lako na macho yako. Umelipwa."

Mwanakombo, aliyekwishachoka kubishana kabla hata ya kuanza, akajaribu kuwa mjanja. "Basi ushuru nimelipa," alisema. Afisa akatabasamu kwa huruma, kama anayemwona mtoto akijaribu viatu vya baba yake. Akamweleza kwamba sheria ile ni ya raia wao kwa wao. Serikali haili maneno. Akanyoosha kiganja, na nusu ya nauli ya Mwanakombo ikaishia hapo.

Alipelekwa kulala kwa Bwana Sudi, mwoka mikate, tajiri mkubwa kuliko wote mjini. Hivyo ndivyo alivyoambiwa, na mlangoni kweli kulitundikwa nishani ya shaba ya Mfanyabiashara Aliyefanikiwa. Bwana Sudi alikuwa mtu mrefu, mkarimu, shati limefuliwa mpaka kola imekwisha. Anauza mikate ofisi zote za serikali, shule zote, hospitali zote, na wote hao wamemlipa. Alisema hivyo mara kadhaa kati ya mlangoni na sebuleni, wamenilipa wote, bila kumtazama mgeni usoni.

Jioni mkeke ukatandikwa. Sahani zikaletwa, safi, zinang'aa, hazina kitu. Mke wa Bwana Sudi akanawisha watu mikono kwa adabu zote. Kisha Bwana Sudi akasema, "Tumekula," na mkewe akasema, "Alhamdulillahi, tumeshiba," na binti yao mdogo akaiangalia sahani yake, halafu akamwangalia mama yake, halafu akasema naye, "Nimeshiba." Mwanakombo alikuwa na mihogo ya kuchoma kwenye mkoba. Aliitoa bila kusema neno, na katika familia ile hakuna aliyesema neno pia, maana midomo ilikuwa na kazi.

"Bwana Sudi," alisema Mwanakombo walipomaliza, "mimi ni mtu wa biashara kama wewe, nisamehe. Tanuri lako nimelipita pale nje. Limelala paka."

"Limewashwa."

"Na unga?"

"Umeletwa."

"Uko wapi?"

"Umeletwa, bibie," alisema Bwana Sudi, na namna alivyosema ilikuwa ya kumwomba anyamaze.

Baadaye, mkewe alipokwenda kulaza mtoto, Bwana Sudi alimsimulia Mwanakombo ilivyoanza. Zamani Tayari ilikuwa nchi ya watu wa nitalipa. Ukiuza kuku, nitalipa. Ukijenga nyumba, nitalipa. Wafanyabiashara wakawa wanakufa na ahadi mfukoni. Mkuu wa wakati ule alikuwa mtu wa haki, tena mwenye hasira za karibu. Siku moja fundi cherehani wake alimlilia barazani kwamba anadaiwa na kudai mpaka haelewi, naye Mkuu akasimama na kutangaza kwamba kuanzia saa ile hataki kuisikia tena "nitalipa" katika nchi yake. Alidhani watu watalipa sasa, kwa kuwa hawana namna nyingine ya kusema.

"Wakalipa?" aliuliza Mwanakombo.

"Walisema wamelipa," alijibu Bwana Sudi.

Nachoka hata kusimulia. Kwani ilikuwa rahisi kiasi gani! Herufi mbili zilitoka, herufi mbili zikaingia, na nchi nzima ikatajirika usiku mmoja. Aliyekuwa anadai akawa amelipwa. Aliyekuwa anadaiwa akawa amelipa. Kila mtu akajikuta na faida isiyo na mfano, wakapeana nishani, na tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kumwambia mwenzake hela yangu iko wapi bila kuonekana mchawi.

"Lakini Bwana Sudi, hao wa ofisini wasipokulipa kabisa, wewe..."

Bwana Sudi aliruka kwenda kufunga dirisha. Hapo mgeni alikuwa ametaja jambo baya zaidi. "Wakikosa", "wasipolipa", "mvua ingekatika", "mnunuzi akikimbia", yote hayo huitwa kuita balaa, na faini yake inaizidi ile ya "ta". Mtu mwema wa Tayari hafikirii lisilotokea. Kuweka akiba nako ni kuita balaa, kwani unaiwekea nini kama si kwa jambo baya ulilolitamani? Mwanakombo alilala njaa nusu, akiwaza kwamba hata yeye, siku zile za oda, alipoulizwa na Kilua tukiwategemea hawa peke yao itakuwaje, alimjibu acha mikosi fundi.

Alfajiri aliamshwa na nyayo za watu. Alichungulia. Bwana Sudi alikuwa anatoka na kikapu, nishani kaivua mlangoni na kuitia mfukoni. Mwanakombo akajifunga kanga akamfuata mpaka nyuma ya machinjio, na hapo akaona jambo lililomwondolea hata uchovu kidogo. Lilikuwa soko. Watu wamejaa, na hakuna anayesema neno. Mwenye mkaa anaonyesha mkaa, mwenye samaki anaonyesha samaki, wanatazamana, mmoja anatikisa kichwa, mwingine anaongeza kipande, wanabadilishana mkono kwa mkono, wanaachana. Kila kilichotolewa kilipokewa hapo hapo. Waliliita Soko Bubu, na nchi nzima iliishi kwa hilo. Mawaziri walikuwepo, wamevaa kofia za kuficha uso. Bwana Sudi alitoa mikate miwili midogo aliyoioka usiku kwa siri, akapata kibaba cha unga na kuni chache. Alipogeuka na kumwona mgeni wake, machozi yalimlengalenga kwa aibu, akapita kama hamjui. Mwanakombo alitamani kumshika mkono amwambie mbona hapa ndipo ulipofanya biashara ya kweli, kaka. Lakini pale hakusemwi.

Siku hiyo hiyo akapeleka shauri lake Barazani. Alikalishwa benchi la nyuma angoje, kwa kuwa kulikuwa na hoja nyingine mbele yake. Hoja hiyo ilikuwa ya Mtunza Hazina, mwanamke wa makamo aitwaye Bi Salme, mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi, sura ya mtu asiyelala. Tayari inachimba chumvi, na chumvi yote inanunuliwa na tajiri mmoja wa nchi jirani. Bi Salme alitaka kulisema jambo kuhusu tajiri huyo, na Mwanakombo alimwona anavyolizunguka, akitafuta mlango wa kuingilia.

"Mheshimiwa Spika," alisema, "mnunuzi wetu wa chumvi ni mmoja."

"Kweli," Baraza likaitikia.

"Naye ni mzee."

"Kweli."

"Na wanawe hawapendi chumvi."

Spika, mzee wa sauti nzito, akamtazama juu ya miwani. "Mtunza Hazina, unaelekea wapi? Natumaini huelekei kwenye kuita balaa."

"Siiti, Mheshimiwa." Bi Salme akavuta pumzi. Akaamua kutumia njia pekee iliyoruhusiwa. "Mnunuzi ameacha kununua chumvi yetu."

Ukumbi ulilipuka. Wengine walisimama juu ya viti. Mjumbe mmoja akalia kabisa, akasema amekufa, yeye na watoto wake. Spika aligonga meza mpaka wakatulia, akafikiri sana, kisha uso ukamnyooka.

"Waheshimiwa, tusichanganyikiwe. Mtunza Hazina anasema mnunuzi ameacha. Ameacha, yaani jambo limetokea. Na kama limetokea, limepita. Sisi tuko hapa, tumevaa, tumekaa, tumeshiba. Basi balaa lenyewe limepita na halikutudhuru!"

Wakapiga makofi mpaka vumbi likashuka kwenye dari. Hoja ikafungwa, na Bi Salme akapongezwa kwa kuivusha nchi salama. Alikaa chini polepole, akavua miwani, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Mjumbe aliyekuwa karibu na Mwanakombo alimnong'oneza kwamba mama huyo huleta hoja hiyo hiyo kila kikao, na kila kikao hupongezwa.

Ikafika zamu ya Mwanakombo. Alijitahidi. Alieleza mbao alizokopa, mafundi wanaongoja, mashine iliyo rehani, mtu anayenyeshewa na watoto wake. Hakutamka "ta" hata moja. Walimsikiliza kwa upole mkubwa. Kisha Spika akamwambia kwamba Baraza limeguswa, ila amelipwa, na mtu aliyelipwa akidai tena anaomba kulipwa mara mbili, na jina la tendo hilo katika nchi yoyote ni wizi. Kwa kuwa ni mgeni wakamsamehe kifungo. Faini hawakumsamehe.

Alitoka nje akakaa kwenye ngazi. Hakulia. Alikuwa amefika pale ambapo hata kulia ni kazi ya kufanya. Aliwaza nauli, akawaza uso wa Kilua, akawaza aongope nini akirudi, na akajichukia kwa kuwaza hivyo.

"Njoo, dada," mtu alimwambia. Alikuwa Bi Salme.

Alimpeleka Hazina, akafungua mlango mmoja mzito, akawasha taa. Rafu kutoka sakafuni mpaka juu, zimepanguswa vumbi, na kila moja ina kibao cha jina kilichochorwa kwa mwandiko mzuri. Hela ya chumvi. Hela ya barabara. Hela ya Bwana Sudi. Hela ya madawati. Mwanakombo akaingiza mkono kwenye rafu yake mpaka begani. Palikuwa na ubaridi tu. Kitu pekee kilichokuwa na uzito mle ndani kilikuwa sanduku moja la chuma kwenye kona, la faini na ushuru, na humo ndimo Baraza linamochotea posho zake, mkononi, kila mwisho wa kikao.

Bi Salme akafunga mlango kwa ndani. Akaenda kuufunga tena, ingawa ulikuwa umefungwa.

"Dada," alisema kwa kunong'ona, "hatutakulipa."

Mwanakombo akamtazama.

"Hatuna. Na hatutakuwa nayo. Yule mzee wa chumvi akifa tutakula majani. Wasipolipa hospitali, Sudi atafunga. Sudi akifunga, watoto watalala njaa kweli, si hii ya adabu. Hatutakulipa mwaka huu wala mwaka kesho." Alikuwa anahema kama aliyepanda mlima. "Sijatamka neno hilo tangu nilipopewa ofisi hii. Nisamehe."

Sasa kuna jambo ambalo Mwanakombo mwenyewe hakulitegemea. Alidhani atapasuka kwa hasira. Badala yake mabega yake yalishuka, na akavuta pumzi hadi chini kabisa, kwa mara ya kwanza tangu masika yaanze. Miezi yote alikuwa amelipwa. Kila siku alikuwa anaamka amelipwa, anapanga kwa hela aliyolipwa, anaahidi kwa hela aliyolipwa. Sasa ameambiwa hapana. Hapana ilikuwa kitu cha kushika. Angeweza kuiweka mezani na kuizunguka na kuona inaacha nini.

"Asante," alisema, na alimaanisha. Wakakaa wote wawili juu ya lile sanduku la chuma, wanawake wawili wa hesabu.

"Madawati yangu yako wapi?" aliuliza baadaye.

"Shuleni. Watoto wamesoma, kwa hiyo shule zimefungwa. Walimu waliolipwa walikimbia zamani."

"Nipe basi madawati yangu."

Bi Salme akafikiri. Kurudisha mali iliyolipiwa hakukuwa na jina katika sheria yao. Lakini alikuwa amezeeka ndani ya sheria hiyo na aliijua mlango wa mbele na wa nyuma. Akamchapia karatasi ya maneno mawili, akaigonga muhuri: Madawati yameondoka.

Askari wa shule aliisoma, akaitazama stoo iliyojaa madawati, akaisoma tena. Kisha akapiga saluti na kugeukia ukutani, akasimama hivyo mpaka kazi ilipokwisha, maana hawezi kulinda kitu kilichokwishaondoka. Aliyeyabeba alikuwa dereva wa lori kutoka kwao, aliyekwenda kudai hela ya saruji akaambiwa mambo yale yale, akakubali kubeba kwa kugawana atakachopata. Madawati mengine yalikuwa yamekatwa kuni. Mengine yameoza miguu. Mpakani yule afisa mnene alichukua manane kwa ushuru, akisisitiza kwamba serikali haili maneno. Mwanakombo hakubishana. Aliyahesabu yaliyobaki kwa macho, akaanza kupiga hesabu ya kilichopo, na hesabu hiyo ilikuwa ya uchungu lakini ilikaa sawa.

Korogwe hakwenda karakana kwanza. Alizunguka shule za binafsi, akauza madawati kwa bei ya kumtoa mtu machozi, kwa sharti moja: hela mkononi kabla dawati halijashuka. Wengine walimwambia apeleke tu, wamekwisha mwandikia hundi moyoni. Aliwapita. Jioni alikuwa na bunda dogo kwenye kibindo, na watu wengi wa kuligawia.

Lilimtesa bunda lile. Mzee Semboja alikuwa na haki yake. Mafundi wote walikuwa na haki yao. Lakini wengine aliwachelewesha tu. Kilua alimng'olea paa kwa mdomo wake mwenyewe. Alinunua mabati na misumari, akalipa, akahakikisha yamepakiwa kwenye mkokoteni mbele ya macho yake. Kilichobaki aliwagawia mafundi, nusu ya mshahara kila mmoja, akawaambia waziwazi kwamba nusu nyingine hana. Mmoja alitukana akaondoka, na Mwanakombo hakumlaumu. Mzee Semboja alikuja na vijana na kamba, wakaibeba mashine ya randa, ikaacha alama ya mraba sakafuni, na mzee wa watu akasema pole kwa dhati, maana naye anadaiwa.

Kilua alikuwa juu ya nyumba yake, anapigilia. Mkewe alikuwa chini anakunja turubai la watu. Mwanakombo alisimama uani, akamkabidhi misumari kwa kopo.

"Mama," Kilua aliita kutoka juu, bila kugeuka. "Karakana tutafungua tena?"

Neno lilikuwa limeshamjia mdomoni. Lilikuwa tamu, na yule bwana alikuwa amestahili kitu kitamu. Mke wa Kilua aliacha kukunja akasikiliza.

"Sijui," alisema Mwanakombo. "Mashine sina, mbao sina. Nimewatumia salamu wale wa vitanda na makabati, wawili wamejibu, wengine kimya. Kwa kweli sijui, Kilua."

Nyundo ilisimama. Kilua alimwangalia kutoka juu ya bati jipya, akamwangalia sana, jasho likimtiririka shingoni. Halafu akanyoosha mkono aongezewe misumari.

"Haya," alisema. "Hilo naweza kulipangia."